Mwalimu Yohana Alisoma Karatasi

Msimu ule mikarafuu ilizaa sana, na skuli ikaturuhusu kutoka mapema tukasaidie nyumbani. Mchana mmoja tulikuwa watoto sita ukumbini kwetu, tumelizunguka pakacha, tunachambua: karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Mmoja wetu alikuwa Neema. Baba yake, Mwalimu Yohana, alikuwa mtu wa bara aliyetufundisha hesabu katika kijiji chetu, mashariki ya Chake Chake. Yao ilikuwa nyumba pekee ya Wakristo pale. Neema alikaa nami dawati moja darasa la nne, akala kwetu, na akisema Kipemba mama yangu hucheka mpaka machozi.

Siku ile alichambua haraka kutushinda sote.

"Weye Neema," mama alimwambia, "ukiolewa uolewe papa hapa. Usende kwenu."

"Kwetu ni hapa, mama," alijibu, bila kuinua uso kutoka kwenye karafuu.

Naianza na siku hiyo kwa sababu ilikuwa ya kawaida kabisa. Sikuikumbuka kwa miaka mingi. Nilikumbuka bunduki, na nilidhani bunduki ndizo zilizotuharibu.

Baba yangu, Shaame, alikuwa mtu mpole, na alikuwa na hadithi moja tu ya utoto wake. Alipokuwa na miaka saba, watu wenye mamlaka, wasio wa kijijini, walimlaza babu yangu kiwanjani na kumtandika bakora mbele ya watu. Baba alilazimishwa kuzihesabu kwa sauti. Akikosea, wanaanza upya. Aliisimulia hadithi hiyo kila mwaka, nasi wanawe tulilia kwa bakora ambazo hatukuziona. Kila nyumba ilikuwa na yake. Tulizijua kama tulivyozijua sura fupi za Kurani chuoni, kwa moyo, kabla hatujajua maana.

Ndipo ukaja uchaguzi, na baada ya uchaguzi, ugomvi. Sitataja vyama. Aliyekuwepo anajua, na asiyekuwepo atafahamu tu kwamba kijiji kiligawika hadi misikitini na makaburini. Watu walisusiana. Duka la huyu haliuzii wale, mashua ya yule haiwabebi hawa. Mwalimu Yohana hakuwa na kadi ya chama chochote, lakini alitoka bara na alilipwa mshahara na serikali. Ikatosha.

Baba alituambia tukila. "Kuanzia leo hamsemi nao. Hamuitikii salamu. Maji hamuwapi."

"Na Neema?" niliuliza.

"Neema si katika hao?"

Hakupiga kelele. Mama alitazama sahani yake.

Baada ya siku mbili Neema alikuja kisimani na ndoo. Tulikuwa wasichana wanne au watano. Hakuna aliyeniambia nifanye kitu. Alipomaliza kuteka na kuitua ndoo chini, niliisukuma kwa mguu, maji yote yakamwagika.

"Riziki, nimekukosea nini?"

"Mie sisemi na nyie," nilimwambia.

Alikuwa peke yake, mtoto mmoja mwenye ndoo tupu, na mimi nikamwambia nyie. Nimefundisha lugha na historia kwa miaka kumi na tano sasa, na sijapata mfano bora zaidi wa namna mtu anavyofutwa akageuzwa kundi. Wenzangu walicheka. Nilihisi raha, na hilo ndilo lililo gumu kuliandika. Kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba bakora za babu zimerudishwa kidogo.

Kisha wakaja askari.

Watu walikuwa wameandamana baada ya sala ya Ijumaa, baba akiwemo. Tulisikia milio kutoka upande wa Chake, mikavu, kama mbao zinazovunjwa. Vijana walirudi mbio, wengine bila viatu. Siku ya pili wakasema askari wanapita nyumba hadi nyumba na karatasi yenye majina. Wanaume wakaingia maporini, wengine wakatafuta vyombo vya kuvukia Kenya.

Baba alichelewa. Mdogo wangu alikuwa na homa, na baba hakutaka kutuacha.

Asubuhi, saa mbili hivi, mama yake Neema alikuja mlangoni kwetu. Kwa wiki tatu tulikuwa hatujamuitikia salamu. Hakutusalimu.

"Mama Riziki, lete watoto. Na Mzee Shaame aje. Kwetu hawatapekua."

Mama alimtazama baba. Baba aliinamisha kichwa, akavaa kandambili, akatoka.

Walimwingiza chini ya kitanda chao, chumba cha ndani. Sisi watoto tulilazwa mkekani, chumba cha mbele, vitambaa vya maji kwenye vipaji vya nyuso. Neema alilala ubavuni mwangu. Alinivua mtandio, akauficha chini ya mkeka, nifanane naye. Kisha akanishika mkono.

Wakaja.

Walikuwa watatu. Niliona buti.

"Hawa nani?" mmoja aliuliza.

"Wanangu, na wa jirani. Wana surua," alisema Mwalimu Yohana. Alisimama mlangoni, hakusogea.

Akapewa karatasi. Akaisoma. Aliisoma polepole, kama anavyosoma madaftari yetu.

"Hawa wanakaa wapi?"

"Mimi nafundisha hesabu, afande. Watu wazima siwajui."

"Shaame Faki?"

"Huyo nilisikia amevuka. Yuko Kenya."

Baba yangu alikuwa hatua sita nyuma yake.

Askari mmoja alicheka, sijui kwa nini. Wakaondoka. Wakashika njia ya kwa ami yangu, Makame, nyumba ya pili kutoka pale.

Mlio mmoja.

Hamad, mtoto wa Ami Makame, alikuwa na miaka kumi na tisa. Alitoka mbio mlango wa nyuma. Alifika kwenye migomba.

Neema hakuuachia mkono wangu. Mimi ndiye niliyeutoa.

Tulimzika Hamad siku ile ile. Baada ya siku nne askari waliondoka, na wanaume waliobaki wakakusanyika ukumbini kwetu baada ya sala ya alasiri. Walitaka kujua nani aliwaonyesha askari nyumba ya Makame. Ami alikuwa amekaa karibu na nguzo. Ndevu zake hazikuchanwa. Alisema wapo majirani walioona askari wakitoka kwa mwalimu na kwenda kwake moja kwa moja.

Baba alikuwa pale. Siku ile alikuwa amesikia kila neno akiwa chini ya kitanda. Alitazama vidole vyake.

Ndipo ami akaniita. "Riziki, njoo mwanangu. Nasikia mulikuwa mle ndani, nyie watoto. Hebu sema. Mwalimu alifanyani?"

Nyuso zote zilinigeukia. Watu wazima hawajawahi kunisikiliza namna ile, kabla wala baada yake. Nilijua wanachokitaka. Nilikijua kama mtoto anavyojua mwalimu anataka jibu gani.

"Alipewa karatasi," nilisema. "Akaisoma."

"Kisha?"

"Kisha wakenda kwenu."

Basi. Hakuna neno la uongo hata moja. Sikusema kuhusu surua. Sikusema kuhusu Kenya. Nilimtazama baba, nikangoja aseme. Baba hakusema. Ami Makame alijifunika uso kwa viganja, kisha akasimama, na wengine wakasimama naye.

Walikwenda kwa mwalimu mchana kweupe. Watoto wakafuata. Mawe yalianza kwenye bati, yakaja kwenye madirisha. Mwalimu Yohana alitoka nje, mikono juu, anataka kusema nao. Alipigwa jicho la kushoto.

Mimi sikurusha jiwe. Kwa miaka mingi nilijisifia hilo moyoni.

Mwalimu na watu wake waliondoka kesho yake kwa gari ya mizigo. Jicho lilikuwa limefungwa kwa kanga ya mkewe. Neema alikaa juu ya magodoro, anatazama mbele.

Mwaka uliopita niliwapa wanafunzi wangu kazi: nendeni kwa wazee, waulizeni habari moja ya zamani ya kijiji, mje msome darasani. Msichana mmoja, mjukuu wa Ami Makame, alisimama akasoma kwa sauti nzuri. Alisoma juu ya mwalimu wa bara aliyekirimiwa na kijiji, akala chakula chetu, kisha akawasomea askari majina ya vijana wetu mmoja mmoja. Katika hadithi yake waliouawa walikuwa watano.  Msichana aliyekaa mbele alikuwa analia, na kilio kile nilikitambua: ndivyo nilivyolia mimi kwa bakora za babu.

Siku ile nilisema, "Vizuri, kaa." Nikampa alama nane kwa kumi.

Ilinichukua wiki nzima. Kisha nikasimama mbele yao nikawaeleza: mwalimu alisema nini mlangoni, nani alikuwa chini ya kitanda, nani aliulizwa ukumbini na akajibu vipi. Nilitarajia hasira. Walitazamana tu. Yule mjukuu wa ami alinyoosha mkono.

"Mwalimu, kwani weye si mwenzetu?"

 Nilipofika nyumbani nilikumbuka siku nilipomuuliza baba, naye yuko kitandani, miezi michache kabla hajafariki. Nilimuuliza kwa nini hakusema.  "Ningesema nilikuwa wapi?" akanijibu. "Chini ya kitanda cha mtu niliyemnyima maji?" Aligeukia ukutani. Haya yake ilimgharimu mtu mwingine jicho, na yangu vivyo hivyo, na kijiji kizima tukaitunza haya hiyo kwa kuipa jina la historia.

Namba ya Neema niliipata kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyesoma chuo kimoja na baba yake. Nilimpigia Jumamosi asubuhi. Sauti yake ilikuwa ya mtu wa bara kabisa. Nilijitambulisha, nikamweleza yote, hakunikatiza.

"Baba alifariki zamani," alisema nilipomaliza. "Hakurudi tena kufundisha. Alidhani ni baba yako ndiye aliyesema. Mpaka anakufa alikuwa anasema, yule bwana asingeweza, labda walimlazimisha."

"Nisamehe, Neema."

"Nina watoto watatu," aliendelea, kana kwamba hakunisikia. "Hawajawahi kukutana na Mpemba hata mmoja. Lakini wanawajua. Ukiwauliza Wapemba ni watu gani watakwambia, tena kwa uhakika. Nimewafundisha mimi."

Nikasema nilichokuwa nimekiweka tayari miaka yote, kwa siku ambayo mtu angeniuliza. "Nilikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka kumi tu."

"Na mimi nilikuwa na kumi, Riziki."

Hakukata simu. Nilimsikia akipumua, anasubiri. Mimi ndiye niliyekata.