Siku Jicho Langu Lilipopelekwa Sur

Niliondoka Nizwa, huku Omani, kwa sababu mbili, na nyinyi mlioko Unguja mtanicheka kwa zote mbili. Ya kwanza: Bi Keiko, mtafiti wa saikolojia kutoka Japani, alihitaji mwanamke wa kumfasiria Kiarabu na Kiswahili, nami mwalimu nilikuwa likizoni. Ya pili ni mama. Mdogo wangu Zuwena alikuwa ameposwa na kijana wa Sur aitwaye Hamed, na mama akataka nikamtazame.

"Kamtie jichoni tu," aliniambia. "Weye moyo wako haukudanganyi. Ukisema ndiyo, tunaozesha. Ukisema siyo, yamekwisha."

Zuwena alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa.

Alfajiri tukatoka, mjomba Nasor kwenye usukani. Njiani Bi Keiko alinieleza kazi yake kwa Kiingereza. Alikuwa na picha arubaini za nyuso za Wajapani. Mtu huoneshwa kila moja kwa muda wa pumzi mbili, kisha aseme papo hapo kama huyo ni wa kuaminika au siye. Asifikiri. Alitaka kujua hukumu hiyo ya haraka inatoka wapi. Nikamwambia asijisumbue, inatoka moyoni, na wengine tumejaaliwa. Akaandika daftarini, nami nikavimba kichwa.

Karibu na Samad changarawe zikatutoboa tairi. Tulikaa juani saa nzima, maji yametuishia. Bi Keiko, asiyepoteza wakati, akanionesha picha zake zote pale pale ubavuni mwa gari. Nilijibu chapuchapu, bila kusita hata mara moja.

Ibra tulifika adhuhuri, nyumbani kwa Bi Zayana, bibi aliyezeekea Tabora kabla ya kurudi Omani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Fadhalini, karibuni ndani."

Zikaja tende, ikaja kahawa, zikaulizwa habari za Nizwa na za mvua, ikaja kahawa tena. Ndipo Bi Keiko akatoa picha ya kwanza, saa mkononi. Bi Zayana akaitazama mpaka mshale wa sekunde ukamaliza mzunguko.

"Mtoto wa nani huyu?"

"Hajulikani, bibi. Sema tu, wa kuaminika?"

"Astaghfirullah! Mtu hajaingia ndani, hajala tende, hajaulizwa habari, mie nimhukumu? Hata finjani hajatikisa!" Huku mgeni aliyetosheka na kahawa hutikisa finjani, na kabla ya hapo hakuna la maana linalosemwa. Akaigeuza picha, pengine jina la baba limeandikwa nyuma. Wakwe zake wawili wakafanya vivyo hivyo.

"Niandike nini?" Bi Keiko aliniuliza. Nilicheka peke yangu mpaka tulipokwenda kulala.

Asubuhi ya pili tukapita Al Kamil bila kusimama, tukaingia Sur na kwenda moja kwa moja kwa kina Hamed. Mama yake alitupokea vizuri. Hamed akaja kusalimia, akasimama karibu na mlango. Alitazama saa mara mbili. Alicheka pasipo na la kuchekesha. Hata finjani ya kwanza sijaimaliza, moyo ukaniambia: siyo. Nikaaga nikijua kazi yangu imekwisha.

Mchana, tulikofikia, tukala wali kwa nguru, nikalala kidogo. Alasiri Bi Keiko akanionesha picha tena. Nilidhani ni nyingine, maana nyuso zile zilikuwa ngeni kwangu. Nilipomaliza akaziweka karatasi mbili sambamba, ya Samad na ya Sur. Picha zilikuwa zile zile. Kijana wa picha ya saba, kule juani nilimwita mwongo. Leo nilikuwa tayari kumwachia nyumba. Wala hakuwa peke yake.

"Nilikosea wapi?"

"Hukukosea. Kule ulikuwa na kiu."

"Na hapa?"

"Hapa umeshiba."

Nikaona haya, kisha hasira, kisha sikujua naona nini. Hamed nilimtazama nikiwa na nini? Maumivu ya mgongo ya safari? Usingizi? Nilijaribu kuukumbuka uso wake, nikaona saa tu.

Siku ya kurudi, tulipofika tena Al Kamil, mjomba akauliza, "Ehe, harusi ipo?"

"Sijui, mjomba."

"Hujui? Weye?" Akapunguza mwendo anitazame vizuri.

Nizwa mama alinipokea mlangoni. "Jee?"

"Sijui, mama. Jicho langu silijui tena. Muulizeni Zuwena."

Mama alinishika paji la uso, labda nina homa. Nikampita, nikamfuata Zuwena jikoni, nikamsimulia picha, tairi, kiu na nguru. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia.

"Kwa hivyo Seif wa Manah," akasema, "siku ile ulikuwa umefunga."

Ilinichukua muda kumkumbuka. Alimposa Zuwena katika Ramadhani ya mwaka juzi. Nilimwona mara moja tu, mlangoni, jua halijazama, nikasema siyo, akaenda kuoa kwengine.

"Nilikuwa nimefunga," nikasema.

"Mie nilikuwa namtaka, dada."

Nilikwenda mpaka Sur kusoma nyuso za watu, na uso huu nilikuwa nakula nao kila siku.