Mayai ya Kuchi na Udi wa Shangazi

Kicheche alimla kuku wa mama akiwa amelalia, akatuachia manyoya na mayai. Kuku huyo, wa aina ya kuchi, mama aliachiwa na bibi, na bibi ameshakufa. Mbegu yake yote sasa ilikuwa ndani ya yale mayai. Mama hakulia. Aliyafunika kwa kanga kuukuu, akaniambia, "Wewe si unasoma? Haya, yaangue."

Darasani nilikuwaga na jibu la kila kitu, hata ambacho mwalimu hajauliza. Ikabidi niwe kuku.

Nilitandaza mchanga kwenye sinia la bati, nikaliweka juu ya mafiga, chini nikawasha koroboi. Mayai juu ya mchanga, kanga juu ya mayai, kikombe cha maji pembeni yasikauke, kisha nikagubika tenga na blanketi. Joto nilipima kwa shavu: yai likinichoma, napunguza utambi. Nikiwa shule, mama anayageuza. Wenzangu wakawa wananiuliza nitataga lini.

Siku za kuangua zilipokaribia, shangazi akaja toka Msasani kwa harusi ya jirani. Mama alikuwa kisimani. Sasa lile tenga, kwetu ndilo la kufukizia nguo. Shangazi akafunua, akaona kanga, chini yake koroboi inafuka, akamsikitikia wifi yake anayefukiza nguo kwa mafuta ya taa. Akaiondoa koroboi, mahali pake akaweka chetezo chenye makaa na udi wa kumtosha bibi harusi, na gauni lake akalitandaza juu ya tenga.

Narudi toka shule, nyumba nzima inanukia. Shangazi akanieleza kwa fahari alivyotusaidia. Nikakaa chini.

Mama alipofika akatua ndoo, akawa anatoa yai mojamoja na kuliweka sikioni. Shangazi, gauni mkononi, akarudia kwamba hakujua, wallahi hakujua. Mie mzaha ninao tayari, nikauacha, nikawa nampokea mayai.

Mama akaganda na yai moja sikioni.

"Nyamazeni," alisema. "Linagonga."

Akanipa nisikie. Kweli, mtu yumo ndani, na amekasirika.

Ya ukingoni, ambako joto la makaa halikufika, yaliharibika. Mengine yote yalianguliwa kesho yake, vifaranga wenye miguu mirefu kama mama yao kuchi, wananukia kama wamealikwa mahali. Mama akamtia mmoja ndani ya kanga yake kifuani, akaegemea ukuta, akalala mchana kweupe, mdomo wazi. Shangazi akanikataza kumwamsha.

Wali ukaungua jikoni. Tukaula hivyohivyo.