Pombe Ambayo Mwenyewe Hakuionja

Baba yangu alikuwa na mbwa aliyekunywa mawese. Sisemi uongo. Kwetu Rumonge, Burundi, tulichemsha chikichi kwenye pipa, na mbwa yule alilamba kila kilichomwagika mpaka midomo yake ikawa myekundu. Siku moja akalamba mafuta ya jirani. Jirani akamvunja mguu kwa mpini wa jembe, baba akashika panga. Ndipo akaitwa Anatoli, diwani wetu, bado kijana. Akaweka mtungi wa pombe ya mtama kati ya wale wawili, akachomeka mrija, akanywa yeye kwanza. Kwetu mwenye pombe huonja mbele ya wageni, wajue haina sumu. Baba akanywa, jirani akanywa. Mbwa alichechemea mpaka kufa kwake, lakini hakuna mtu aliyekatwa panga.

Naanza na mbwa kwa sababu watu wakiniuliza vita vilianzaje, sijui. Nilisoma kidogo sana. Ninachojua ni mtungi.

Nilikuwa na wana wawili. Emanueli, mkubwa, aliingia jeshini kabla ya matata, kwa ajili ya mshahara tu. Zakaria alikuwa anakamua mawese nami. Siku moja tulikula ugali na dagaa, akaenda kuteka maji, akasema nisihangaike na pipa, atalifunika yeye akirudi. Waasi wa milimani walikuwa wanapita wakikusanya vijana. Pipa nililifunika mimi. Nyumba moja ikawa na bunduki mbili, kila moja upande wake.

Anatoli sitamnyima haki yake. Wengine walipokimbia, yeye alitembea kati ya pande zile mbili kwa miguu, na shati jeupe ili aonekane mbali. Akapata ahadi: askari wa kambini na wapiganaji wa milimani wakutane barabarani, kwenye mtungi wake. Nilimsaidia kuubeba. Wanangu walikuja wote wawili. Emanueli alimtazama mdogo wake, akasema, "Wee, suruali hiyo si yangu?"

Zakaria akacheka.

Anatoli akashika mrija. Badala ya kunywa, akaanza hotuba.

Ilikuwa hotuba nzuri. Ilikuwa ndefu.

Nikaona macho yanamwacha yeye, yanakwenda kwenye mtungi.

"Mbona hanywi?" mmoja akauliza.

Mtu akakoki bunduki.

Nikalala chini.

Nilipoinuka, mtungi ulikuwa mzima. Emanueli alikuwa amelala kando yake. Zakaria hakuwepo.

Risasi iliyomuua ilitoka upande gani, hakuna ajuaye, hata Zakaria. Alichojua yeye ni mrija ule mkavu mkononi mwa Anatoli.

Tukapita kambi za wakimbizi, na baadaye ndege zikatuleta Sweden, kila mtu kwa wakati wake. Mimi nikapewa nyumba mtaa wa Hjulsta, ghorofani. Anatoli akakaa Jakobsberg, si mbali. Zakaria alikuja mwisho, akakaa Upplands Väsby na mkewe na binti ambaye nikimwamkia kwa Kiswahili hunijibu Kiswidi. Kanisani Zakaria akimwona Anatoli anaingia, yeye hutoka. Mimi nilikuwa na ombi moja tu: wanywe pamoja kabla sijafa. Nilimbembeleza mwanangu mpaka theluji ikaja, ikaondoka.

"Sawa, baba," akasema mwishowe. "Alete pombe yake, aonje kwanza. Nami nitakunywa."

Anatoli nilimwambia alete pombe. La kuonja sikulitaja. Mrundi mzima utamfundishaje hilo?

Akaja kwangu kwa basi na ndoo iliyofungwa blanketi, Zakaria ameshafika. "Watu wamekimbia harufu, wameniachia viti vyote," akasema. "Nimekaa kama rais!" Hata Zakaria alitabasamu. Tukaimimina kwenye sufuria kubwa mezani, nikagawa mirija.

"Kabla hatujanywa," Anatoli akasema, "kuna mtu nataka umjue, Zakaria."

Siku hizo alikuwa anashinda maktabani akisoma maisha ya mwanasiasa mmoja wa Marekani wa zamani, wakati wa watumwa. Jina limenitoka. Alizaliwa katika jimbo lililokaa katikati, kaskazini hawataki watumwa, kusini hawataki kuwaachia. Akawa mwanasheria. Akapigana na Waingereza. Akawa gavana, akawa mwanasheria mkuu wa serikali, akawa seneta mara nyingi. Ameshazeeka, majimbo ya kusini yakaanza kujitoa katika muungano. Mzee akaandika mapatano: upigwe mstari katikati ya nchi, juu yake pasiwe na watumwa, chini yake wabaki milele, na vita visije.

Hapo Anatoli akachukua mrija wake akachora nao mstari juu ya kitambaa cha meza.

Wenzake wakayakataa. Mzee akarudi nyumbani, akahangaika mpaka jimbo lake likabaki. Lakini mtoto wake mmoja akawa jenerali wa kaskazini, mwingine jenerali wa kusini. Akafa vita bado vinaendelea.

"Wanawe walikufa vitani?" Zakaria akauliza.

"Hapana. Walipona wote wawili."

"Na hao watumwa wa chini ya mstari, waliulizwa?"

"Hawakuwepo mezani."

"Basi alikuwa anagawa shingo za watu."

"Alitaka damu isimwagike, mwanangu."

"Mimi si mwanao."

Nikakohoa. Nikamwonyesha sufuria kwa kidevu. Anatoli hakuona, alikuwa bado na yule seneta. Mrija ulikuwa mkavu mkononi mwake, na Zakaria alikuwa anautazama.

Zakaria akainuka. Akaenda mlangoni, akainama kuvaa viatu, maana huku viatu huvuliwa. Alifunga kamba polepole. Nikadhani ananipa nafasi niseme.

"Diwani, onja!" nikasema.

Anatoli akashtuka. Akatumbukiza mrija, akavuta mpaka mashavu yakaingia ndani.

"Ni safi," akasema. "Zakaria, ni safi!"

Mlango ulikuwa umeshafungwa.

Emanueli nilimzika kwa mikono yangu, na mahali pake napajua. Huyu yuko hai, anakula, analea mtoto, na ninamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini sijui nimlilie vipi.

Nilikwenda dirishani. Alivuka uwanja kuelekea kituo cha treni, mikono mifukoni, hakuangalia juu, na mlangoni kwangu hajapiga hodi tena.