Alhamisi za Mwalimu Katana

Jumamosi ya mwezi wa sita. Mvua ilinyesha alfajiri, mchana jua likachoma, na sasa jioni mawingu yamerudi na upepo wa kusi unapiga mabati.

Kuna Alhamisi moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nimekaa nayo miaka mingi bila kuiandika. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, na kila nikishika kalamu huona kama nitaiharibu habari ya watu. Lakini leo mjukuu wangu Sidi amerudi kutoka mkutano wa vijana wa kanisa akiwa ameinamisha kichwa. Kiongozi wao aliwaambia kila mmoja afungue simu, awasomee wenziwe nyimbo anazosikiliza akiwa peke yake. Wengine walichekwa. Sidi hakuniambia zake ni zipi na mimi sikumuuliza. Kiongozi mwenyewe namjua, ni kijana mwema, nadhani alitaka kuwasaidia. Simsemi vibaya. Nataka tu kueleza habari ya mtu mmoja aliyeulizwa swali kama hilo nami nikiwepo, na swali lile lilikaribia kumtoa kwenye kwaya yetu.

Mtu huyo ni Katana. Sisi tukimwita Mwalimu, ingawa hakuwa mwalimu wa shule. Kazi yake ilikuwa gitaa. Kila jioni isipokuwa Alhamisi alivaa shati la maua akaenda kupiga na bendi kwenye hoteli ya ufuoni, huko kwa watalii. Nilisikia kwa wenziwe kwamba mzungu akimwimbia wimbo wa kwao kwa kinywa tu, hata kama ni wa kijijini kwao asioujua mtu, Katana aliupata kwenye nyuzi kabla bia ya mzungu haijaisha. Hilo sikuliona kwa macho yangu, nalisema kama nilivyoambiwa. Nililoliona ni Jumapili. Jumapili alikuja mtaani kwetu Mishomoroni, kwenye kanisa letu dogo, amelala saa chache, macho mekundu, akatufundisha kwaya bila kutaka hata senti. Masikio yake yalikuwa ya ajabu. Tukiimba wote kwa pamoja, yeye husimamisha na kusema, "Dama, shuka. Umepanda ngazi ya jirani." Na kweli ni mimi. Wenzangu wa alto walinicheka, Jumapili ya pili zamu yao.

Mwaka ule, karibu na Pasaka, yakaanza maneno. Chini ya mtaa wetu palikuwa na madrasa, na Alhamisi baada ya alasiri vijana na watu wazima walifanya mazoezi ya kasida za Maulidi. Katana alionekana pale. Hakupita tu njia, alikaa. Alhamisi ya kwanza watu walinyamaza, ya pili wakanong'ona, ya tatu ikafika kwenye kamati ya kanisa kwamba mwalimu wa kwaya anataka kusilimu.

Nataka kuwa mkweli kwa watu wa kamati. Hawakuwa watu wa chuki. Tuliishi na Waislamu ukuta kwa ukuta, tukiazimana mbuzi za kukunia nazi, tukizikana. Lakini kanisa letu lilikuwa changa, watu wachache, na kila aliyeondoka pengo lake lilionekana kwenye viti. Waliogopa. Wakasema kama maneno ni ya kweli, Katana asituongoze Pasaka, na kwaya itafutiwe mtu mwingine. Mtu mwingine hakuwepo, hilo kila mtu alilijua.

Mzee Gona, mwenyekiti wa kamati, akaniita.

"Dama, wewe u jirani na ile madrasa. Alhamisi nenda ukaone anafanya nini pale, uje utuambie. Usiongeze, usipunguze."

"Ndiyo, mzee," nikasema, maana nilikuwa binti na yeye alikuwa makamo ya babangu. Lakini njia nzima nilijiona mpelelezi.

Alhamisi nikajifunga leso nikashuka. Nilimkuta Katana nje ya ukuta wa madrasa, amekaa juu ya jiwe, mgongo ameuegemeza ukutani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Dama. Umepotea njia?"

"Sikupotea. Nimetumwa na kamati nije nikutazame."

Mpaka leo sijui kama nilifanya sawa kumwambia. Hawakuniruhusu, hawakunikataza. Katana alicheka mpaka akashika ukuta.

"Basi tazama vizuri, dadangu. Usije ukawapelekea nusu."

Kwenye ua wa nyumba ya pili kulikuwa na Bi Mwanaisha, akikaanga kaimati za wale wa mazoezi. Mwanawe alikuwa mmoja wa wapiga matari. Alikuwa amesikia kila neno.

"Weye binti wa Kanisani! Njoo ukae huku na wanawake wenzio, jua litakuua. Wamtakani mwalimu?"

Nikamwambia vilevile nilivyomwambia Katana. Akajipiga kofi kinywani.

"Salaala! Basi waambie wazee wako hivi. Mtu huyu yuaja, yuakaa, yuasikiza, yuaenda zake. Jiwe lile sasa twaliita lake, hata mbuzi wangu hapandi. Nami nshamuuliza, 'Mwalimu, wasilimu lini tukuoze huku?' Unajua alivyonijibu? 'Bi Mwanaisha, nimekuja kusikiliza, usinitie kazi nyingine.'"

Akanipa kaimati moto kwenye kisahani, akampelekea na Katana zake pamoja na kikombe cha kahawa, na mazoezi yakaanza.

Mimi sijui kueleza muziki, mwanangu. Nitasema nilichokiona. Kupitia mlango wa madrasa ulioachwa wazi niliwaona safu mbili, wamepiga magoti wakitazamana, kofia na kanzu, wengine na shati tu kwa kuwa ni mazoezi. Mmoja akaanza peke yake, sauti nyembamba inayopanda polepole, ikisita, ikipanda tena. Nilidhani imefika mwisho, ikaongeza. Kisha wengine wote wakaipokea, matari yakaingia chini yake, na safu zote mbili zikainama upande mmoja kama zimevutwa. Nilikuwa nimezisikia kasida hizo tangu utotoni, kupitia dirishani, nikiosha vyombo. Sikuwa nimewahi kuzisikiliza.

Nikageuka kumtazama Katana, maana ndiyo kazi niliyotumwa. Alikuwa amefumba macho. Na mikono yake ilikuwa imetulia. Usione ni jambo dogo. Vidole vya mtu yule havikutulia kamwe. Mezani vilipiga, gotini vilipiga, hata kwenye mazishi ya mamake nilimwona akipiga ubavu wa jeneza taratibu bila kujua. Pale vilikuwa vimelala mapajani, viganja juu, kama mikono ya mtoto aliyechoka kucheza.

Walipopumzika nikamsogelea.

"Mwalimu, unasikia nini hapa?"

Akafumbua macho, akakichukua kikombe chake.

"Dama, mimi nikisikia gitaa, hata la redioni, niko kazini. Huyu ameshika wapi? Mbona uzi wa pili umelegea? Mke wangu husema nikisikiliza muziki nakunja uso kama fundi anayetazama paa la mwenziwe linalovuja. Hapa hakuna uzi hata mmoja. Vidole vyangu havina pa kuingia."

Akanywa kahawa yake.

"Halafu kuna jambo lingine. Shingo ya gitaa ina vyuma, umeviona. Kidole changu kinatoka chuma hiki kinaenda kile. Yule kijana aliyeanza, sauti yake inakaa katikati ya vyuma. Inakaa pale na inapumua. Mimi nimepiga miaka yote hii na pale sijafika. Nasikiliza mtu akikaa mahali ambapo mimi napita mbio."

Nikamuuliza lile ambalo kamati ingeniuliza.

"Na maombi yao?"

"Wao wanaomba. Nami nawaheshimu, ndiyo maana nakaa nje ya ukuta. Mungu wangu nimeshamwomba asubuhi."

Kamati ilikaa Jumamosi, barazani pa kanisa. Katana aliitwa, akakaa kwenye kiti cha pembeni. Mimi nikasimamishwa. Nilijua neno langu moja laweza kumwondoa, na bila yeye hatuna Pasaka.

"Aliswali?" Mzee Gona akaniuliza.

"Hapana, mzee."

"Alikula chakula chao?"

"Alikula kaimati. Nami nilikula."

Watu wakacheka kidogo. Mzee hakucheka.

"Aliyapenda yale aliyoyasikia?"

Hapo nikasita. Ningeweza kusema alisikiliza tu. Ningeweza kusema kidogo. Lakini nilikuwa nimeambiwa nisiongeze wala nisipunguze, na Katana mwenyewe alinitaka nisipeleke nusu.

"Aliyapenda sana, mzee. Sijapata kumwona akipenda kitu namna ile."

"Mnaona!" akasema mama mmoja wa kamati. "Binti mwenyewe anasema."

Nikahisi nimemtoa Katana kwaya kwa kinywa changu. Sikuthubutu kumtazama.

Mzee Gona akamgeukia.

"Katana. Nyimbo zetu hapa, umewahi kukaa ukazisikiliza namna hiyo? Umefumba macho, umestarehe?"

Kila mtu alijua jibu la kumwokoa. Lilikuwa neno moja tu.

"Sijapata, mzee," Katana akasema.

Huko nje watoto waligombania mpira, tukawasikia vizuri.

"Kwa hiyo sisi kwako ni kazi," akasema Mzee Gona, na mwanangu, hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeumia.

"Ndiyo, mzee. Nyinyi ni kazi. Nikiwa hapa nasikia Dama amepanda, besi wamelala, yule mdogo wa mbele ana kifua nimpunguzie mstari asije akakohoa mbele za watu. Siwezi kufumba macho. Kule nafumba kwa sababu wale si wangu, wana mwalimu wao anayewatunza. Nyinyi nikifumba macho ni nani atawatunza?"

Mzee Gona alikaa akiutazama mkongojo wake. Alikuwa mtu wa polepole, na baadhi yetu vijana tulimwona mzito. Siku ile nilifurahi kwamba ni mzito, kwa sababu mtu mwepesi angekuwa ameshakata shauri.

"Miaka yote hii," akasema hatimaye, "nilidhani Jumapili tunakustarehesha. Kumbe tunakuchosha."

Katana akacheka, kisha mzee naye, na baraza zima likapumua.

"Basi Alhamisi ni zako. Nenda ukapumzike. Jumapili utupate tukiwa tayari kwa kazi."

Si wote waliokubali. Yule mama wa kamati alisema waziwazi hakuridhika, na alikuwa na haki ya kusema. Alimtoa binti yake kwenye kwaya, sauti nzuri ya soprano, hakurudi tena. Pasaka ile palikuwa na pengo upande wa kushoto, na mwenye masikio alilisikia. Lakini tuliimba. Katana alisimama mbele yetu na gitaa lake, macho wazi, akitupitia mmoja mmoja kuanzia huku mpaka kule. Zamani macho yale yalinitisha, nikidhani ananitafutia kosa. Siku ile niliimba nikiyatazama.

Sasa, mwanangu, niseme ninalotaka kusema, na kama nimekosea watakuja wenye elimu wanisahihishe. Ukimwona mtu hodari katika kazi yake, usidhani umeshayajua yanayoistarehesha roho yake. Mpishi wa biriani huenda akirudi kwake anataka muhogo wa kuchemsha. Ukimkuta anapenda kitu ambacho hukukitarajia, usikimbilie kusema ametuacha. Nenda ukakae karibu naye, usikilize anachosikiliza, kisha umuulize kwa adabu, na umwachie nafasi ya kumaliza jibu. Ukiulizwa wewe, usione haya. Lisemwe jibu zima, na ile sehemu unayoiogopa pia. Na ukitumwa kumsemea mwenzio, sema yote uliyoyaona, hata pale unapodhani kupunguza kidogo kungemsaidia. Sina hakika kama siku zote mambo huishia vizuri hivyo. Yangeweza kuharibika. Hata hivyo sijui njia nyingine ambayo ningeweza kulala nayo usingizi.

Mungu akupe, mwanangu, kazi ya kukufanya ufumbue macho, na siku moja katika juma ya kuyafumba. Akupe jirani wa kukukaribisha penye kivuli, na wazee wasio na haraka. Ulindwe utokapo na urudipo. Amina.

Leo tumekula sima, mboga chungu ya mtsunga kwa tui, na papa mkavu. Sidi ndiye aliyepika. Chumvi ilizidi kidogo, na tumekula tukamaliza.