Kwa Daktari wa Maneno, Ruiru

Mume wangu alirudi kutoka kizuizini na meno yake yote na vidole vyake vyote, lakini bila neno hata moja. Majirani walikuja kumkagua kama mbuzi wa mahari, wakaniambia, "Shukuru Mungu, mama, wako amerudi mzima." Mzima! Kwani waliokuwa wanalala naye ni wao?

Tulikuwa tunakaa Thika, chumba kimoja kwenye laini za wafanyakazi wa kiwanda cha mananasi. Mimi nilikuwa namenya mananasi, vidole vimechubuka mpaka chumvi ya githeri ilikuwa inaniliza. Yeye walimrudisha kupakia masanduku. Alikuwa amekaa kambini miaka minne. Aliniacha na mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni, na huyo wa tumboni alipomwona mara ya kwanza alijificha nyuma ya pipa la maji akaniuliza, "Maitu, huyu mtu ni bubu?"

Hakuwa bubu. Kabla ya kuchukuliwa alikuwa na maneno mengi kupita wanawake wa kisimani. Alikuwa ananitania miguu yangu, ati Mungu aliniumba niwe askari akabadilisha nia alipofika magotini. Nilimpenda kwa mdomo huo, sitaki kuficha. Sasa anaamka, anakunywa uji, anaenda kazini, anarudi, anakaa kitandani akitazama mlango. Ukimwuliza, "Utakula viazi au githeri?" anatikisa kichwa, na hujui kichwa kimechagua nini. Miezi minane hivyo hivyo.

Mimi si mtu wa kunyamaza. Nilipiga sufuria chini. Nilimtukana yeye, nikatukana ukoo wake mpaka kwa babu aliyekufa kabla ya reli kuja. Wapi! Siku moja nilimshika mashavu kwa mikono miwili nikamwambia, "Sema hata uongo." Machozi yakamjaa, akatoka nje.

Mama yangu alikuwa anakaa upande wa Ruiru, kwenye kile kijiji walimosongamanishwa watu wakati wa Hali ya Hatari. Mjane, na nyumba yake haikuwa na mwanamume. Kaka yangu, kifungua mimba wake, alikuwa ameenda Tanganyika kukata mkonge fujo zilipoanza, akarudi, na siku ya sita tangu arudi askari walifika mlangoni wakamwita kwa jina lake na jina la baba yake. Alifia kambini. Tuliambiwa ni homa ya matumbo. Nani alimtaja, hatukujua, na mama alikuwa anawatazama watu wote wa kijiji kwa swali hilo, mpaka kanisani.

Mama aliniambia, "Mwanamke haolewi na ukuta. Krismasi ikifika kama hajafungua mdomo, chukua watoto urudi kwangu." Nilimjua mama yangu. Akisema Krismasi ni Krismasi. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka, haki ya Mungu, nilikuwa nimeshaanza kuhesabu ni nguo zipi zitaingia kwenye kikapu. Ilikuwa Oktoba.

Hapo ndipo niliposikia habari za mwalimu mmoja wa kike wa kanisa la pale Ruiru. Walikuwa wamempeleka Nairobi akafundishwa namna ya kukaa na watu wenye matatizo ya nyumba, kuwasikiliza bila kulaumu wala kupiga kelele. Kila Jumamosi alikuwa anapokea watu kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Watu walimwita daktari wa maneno, wakamcheka. "Ati unamweleza mgeni mambo ya kitandani kwako, naye anakupa nini, kwinini?" Lakini wengi wa hao waliocheka walionekana wakipita kule nyuma ya kanisa, kofia zimeshuka mpaka kwenye nyusi.

Nilimwandikia. Akajibu kwa barua nzuri yenye muhuri wa kanisa, kwa sababu siku hizo huwezi kutoka Thika kwenda Ruiru bila karatasi. Nilimwonyesha mume wangu barua, nikamwambia Jumamosi tunaenda, na kama haendi asinikute nikirudi. Akavaa koti. Mpaka leo koti lile nikilikumbuka roho inaniuma, jinsi alivyolifunga vifungo vyote bila kubishana.

Stesheni, askari alisoma barua polepole, akacheka. "Ushauri wa nyumba? Mzee, mke anakushinda?" Mume wangu alimpa kipande chake cha kitambulisho kwa mikono miwili, macho chini. Nilimwona jasho linamtoka, na kulikuwa na baridi ile ya asubuhi ya Thika, ya ukungu kutoka mtoni. Kwenye treni sikuongea. Mimi, kutoongea! Nilikuwa naogopa nikikohoa tu atashuka.

Mwalimu alitupokea vizuri. Mwanamke wa umri wangu, mnene kidogo, sauti ya upole. Chumba kilikuwa na meza. Yeye alikaa nyuma ya meza, sisi kwenye benchi mbele yake. Mezani kulikuwa na daftari la jalada gumu na kalamu ya wino. Pembeni kulikuwa na pazia la khaki, na nyuma ya pazia wamening'iniza kanzu za kwaya. Mimi niliona kanzu, upindo wake umetokeza chini. Mume wangu yeye aliona pazia, hakuondoa macho hapo. Wakati ule kulikuwa na watu wa kutaja wenzao waliokuwa wanafunikwa gunia kichwani, limetobolewa mahali pa macho, wanawekwa pembeni watikise kichwa ukipita. Kichwa kikitikisika, umekwenda kambini.

Mwalimu akafungua daftari. "Jina lako, baba? Jina la baba yako? Lokesheni? Chifu wako ni nani?"

Akajibu. Alijibu! Sauti ilikuwa imekauka, lakini alijibu kila swali, na mimi mjinga nikafurahi, nikamkonyeza mwalimu kumwambia endelea.

Mwalimu akaandika, akainua uso, akasema vile alivyofundishwa, kwa upole wake wote, "Sasa baba, nieleze yote tangu mwanzo. Usifiche kitu. Ukisema yote utapata nafuu."

Mume wangu akavua kofia. Akavua viatu, akavipanga pamoja. Kisha akashuka kwenye benchi, akachuchumaa sakafuni na koti lake la vifungo, akaweka mikono yote miwili kichwani.

"Ndiyo, bwana," akasema.

Ngai wangu. Mwalimu hakuelewa. Alikuwa mtu wa shule, hakuwahi kuona kambi. Hakujua kwamba amemwekea meza ileile, daftari lilelile na maneno yaleyale, hata ile ahadi ya nafuu, maana kule kambini aliyesema yote ndiye aliyesogezwa karibu na nyumbani. Nilitaka kumwinua. Lakini alikuwa ameshaanza kusema, na miezi minane nilikuwa naomba aseme. Nikakaa. Hilo ndilo kosa langu la siku hiyo, la kwanza.

Alisema kama mtoto anayesoma shairi la darasani. Amekula kiapo cha watu wa msituni, bwana. Mahali fulani, usiku fulani. Mbuzi alikuwa wa rangi gani. Alitoa shilingi ngapi. Yote yalitoka yamenyooka, unasikia kabisa kwamba aliyasema mara mia. Kalamu ya mwalimu ilikuwa imesimama hewani.

"Na jina nilishatoa, bwana. Mlisema nikitoa jina moja tu, mke wangu hataletwa. Alikuwa na mimba, bwana. Nilimtaja shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Nilisema ndiye aliyeniapisha. Hakuniapisha. Nilimtaja kwa sababu alikuwa Tanganyika."

Hapo sauti ikabadilika. Ikawa ya mume wangu, ile ya zamani, lakini imepasuka.

"Nilichagua aliye mbali. Nilijua hamwezi kumfikia. Sasa alirudi kufanya nini? Nani alimwambia arudi?"

Sikumbuki nikisimama. Nakumbuka nimemshika kola, koti linakatika vifungo, nampiga kwa kiganja kichwani, mgongoni, popote, nikipiga kelele, "Ni wewe! Umekula kwa mama yangu! Umekaa kwenye kiti cha kaka yangu ukila nduma za mama yangu, na ni wewe!" Hakujikinga. Mikono aliiacha pale pale kichwani. Mwalimu alikuwa ananivuta kwa nyuma, akiniambia, "Mama, mama, tafadhali."

Halafu lile swali lake likanifikia. Nani alimwambia arudi. Mkono wangu ukaanguka.

Ni mimi. Mwezi mmoja baada ya mume wangu kuchukuliwa, mama aliugua kifua. Haukuwa ugonjwa wa kufa. Lakini nilikuwa peke yangu na mimba, na mama mgonjwa, na askari wakipita kila jioni, nikaogopa, nikamwona dereva wa lori la mkonge aliyekuwa akienda Arusha, nikampa ujumbe. "Mwambie mama anakufa, aje." Nilijua nikisema anaumwa tu hatakuja. Kaka alikuja amebeba sukari na kitambaa cha mama cha kichwa, akamkuta mama anapalilia mahindi. Alinicheka. Hakuniambia neno baya wala hakumwambia mama. Mama aliamini mwanawe ameletwa na hamu ya kumwona, na alizikwa akiamini hivyo.

Nikaketi sakafuni. Mwalimu akaona mkono wangu umeanguka, akadhani ni huruma. Na mume wangu akadhani hivyo hivyo.

Sifa zake mwalimu nitampa. Alielewa, japo alichelewa. Alifunga daftari, akazunguka meza, akakunja sketi yake akaketi nasi chini kwenye saruji. Akachana ile karatasi ya jina na chifu, akampa mume wangu. "Nimekosea, baba," akasema. "Hapa hakuna bwana. Hakuna mtu nyuma ya pazia. Shusha mikono." Akaenda kulivuta pazia aone kanzu. Mume wangu alishusha mikono polepole, mmoja, kisha wa pili, akalia kilio ambacho sijakisikia tena kwa mwanamume.

Mwisho mwalimu akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe, mama? Una nini moyoni? Hapa unaweza kusema."

Mlango ulikuwa wazi hivyo. Mume wangu alikuwa ananitazama, anangoja hukumu, uso umevimba. Neno moja tu la kwangu lingempunguzia mzigo nusu. Nilifungua mdomo.

"Mimi nimesamehe," nikasema.

Akainama akanishika miguu. Ile miguu aliyokuwa akiicheka.

Aliongea tangu siku hiyo. Kwenye treni aliuliza bei ya sukari. Kesho yake alimwambia mtoto wetu mdogo kwamba yeye si bubu, ni kwamba alikuwa amesahau mdomo kwenye gari la serikali, mtoto akacheka mpaka akaanguka. Nilisikia furaha, siwezi kudanganya. Usiku nilimsikiliza akiongea na nikataka asinyamaze.

Alitaka kwenda kumwambia mama yangu. Alisema hawezi kula kwake tena kabla hajasema, wazee wa ukoo wamtoze mbuzi, wamtakase, wakimfukuza wamfukuze. Nilimkataza. Nilimwambia utamuua mama, moyo wake hauwezi. Uongo mtupu. Moyo wa mama ulikuwa jiwe la kusagia. Niliogopa tu kwamba mama akishasikia, naye atauliza kile alichouliza mume wangu: kwa nini mwanangu alirudi? Na mama hakuwa mtu wa kuacha swali.

Mwalimu alikuja kwetu Thika mara tatu. Aliiondoa meza kule kanisani, alituambia, sasa anakaa na watu kwenye mikeka wakimenya maharagwe, na daftari haligusi mpaka watu waondoke. Kila mara alinivuta pembeni. "Na wewe, mama?" Nilimpa chai. Nilimweleza mambo ya kiwandani, ya jirani, ya bei ya mkaa. Niliongea mpaka chai ikapoa. Mara ya mwisho alinishika mkono, akaaga.

Krismasi mama alikuja. Akamkuta mkwe wake anachoma nyama, anawatania watoto wa laini nzima. Mama akanivuta kifuani, akasema nimeokoa nyumba, na kwamba nina subira aliyokuwa nayo marehemu kaka.

Niliishi na mume wangu miaka mingi baada ya hapo, miaka mizuri. Kanisani walinitumia kama mfano kwa mabibi harusi: tazameni mama huyu alivyosamehe. Wao hawakujua ni nini nilichosamehe, mume wangu alisema tu kwamba nilimsamehe jambo kubwa. Yeye hakuacha kunishukuru. Nampa kikombe cha uji, anasema asante, na najua asante hiyo si ya uji. Nilikuwa najiambia, akipona hiki kikohozi nitamwambia. Mtoto akiolewa nitamwambia. Mama akifa nitamwambia. Mama alikufa.

Mume wangu alipougua mara ya mwisho alinishika mkono akasema, "Wewe ulinisamehe damu ya kaka yako. Mungu atanikubali kwa sababu yako." Wauguzi walikuwa wametoka, tulikuwa wawili tu, na alikuwa bado anasikia vizuri. Nikamfunika blanketi mabega, nikamwambia asiongee sana, apumzike.