Shuka Bichi Katikati ya Bunda

Wifi yangu, dada wa mume wangu, aliingia kwenye ile hoteli akiwa na miaka kumi na tisa na cheti cha shule ya msingi kama changu. Wakampa chumba cha nguo chafu. Humo unapokea mashuka ya wageni na kila uchafu ambao mtu mzima huona haya kuusema, unachambua, meupe huku, ya rangi kule, yenye damu kwenye ndoo ya maji baridi. Alikaa humo miaka minne. Kisha akapelekwa meza ya kukunja, na hapo ndipo aliponiombea kazi mimi.

Mkubwa wetu mezani aliitwa Bi Pasi, maana alianza kazi pasi zikiwa bado za makaa. Wifi alikuwa mwepesi kuliko wote, na ndiye aliyetufundisha ujanja. Mashine ya kukaushia ikichelewa, na ghorofani wanapiga simu kudai mashuka, chukua mawili mabichi uyafiche katikati ya bunda, makavu juu na chini. Mkaguzi atagusa la juu, ataondoka. Kama nyama ndani ya mkate, alisema, tukacheka mpaka Bi Pasi akashika mbavu.

Msimamizi alipostaafu, ofisi ilimpa wifi kiti kwa majaribio ya miezi mitatu. Afisa utumishi alimwambia mbele yetu sote kwamba anashikilia tu. Kuna kijana ana digrii ya mambo ya hoteli anasubiri, na mgeni mmoja akilalamika, yeye anarudi mezani. Hata koti la bluu la wasimamizi hakupewa. Alisimamia na aproni yake ileile.

Hapo meza ikageuka. Salamu zilikauka kabla ya mashuka. Akiingia, mazungumzo yanakatika. Akitoka, yanaanzia kwake. Bi Pasi alimwita Profesa wa Sabuni, akasema aliye juu mngoje chini, tena siku hizi ngazi zenyewe zina utelezi. Wifi naye hakuwa wa kubembeleza mtu. Alitupimia dakika za chai. Nilipoomba kutoka mapema nikamnyonyeshe mwanangu wa miezi saba, alikataa, kwamba akiniruhusu watasema ni undugu. Nilikunja mpaka jioni maziwa yakinichuruzika chini ya aproni. Siku ile nilimchukia.

Zikiwa zimebaki siku mbili majaribio yaishe, hoteli ilipokea wageni mia mbili wa mkutano. Bi Pasi akasema polepole, macho yakiwa kwenye shuka lake, "Leo nyama nyingi, mkate mchache."

Kila mtu alielewa. Na mimi nilielewa. Kutoka mezani hadi alipokuwa wifi ni hatua ishirini, ningekwenda kama nafuata sindano nikamnong'oneza. Sikwenda. Nilitia mabichi mawili, kisha mawili mengine, nikijiambia nafuata wenzangu.

Tulipolisukuma toroli hadi kwenye lifti, meneja mkuu na afisa utumishi walikuwa wamekuja kuona maandalizi. Afisa akagusa shuka la juu, akaridhika, akabonyeza kitufe. Wifi akamsogeza kwa kiwiko, akaingiza mgongo wa mkono katikati ya bunda, akauacha humo. Kisha bunda la pili. La tatu. Nilimwona akifumba macho.

"Hayapandi haya," alisema.

Afisa akasema ameyagusa mwenyewe, ni makavu. Wifi akachomoa shuka la katikati, akamrushia kifuani, shati likalowa. Meneja akauliza amejuaje. Angeweza kusema ni uzoefu. Moyoni nilimwomba aseme hivyo.

"Ujanja huu ni wangu," alisema. "Nimewafundisha mimi. Nimeufanya miaka, na hakuna mwenye cheti aliyewahi kunikamata."

Bi Pasi alicheka puani. Alidhani mtu amejichimbia kaburi. Meneja alimtazama wifi, akalitazama lile shati, akamwambia afisa amtafutie huyu mama koti. Kisha akamtaka wifi aandike majina ya waliokunja.

Aliandika palepale bila kuuliza. Kila mtu ana mkunjo wake. Mimi natumia kushoto, pembe zangu hulalia upande wa pili.

Jioni nilimkuta uani kwa mama mkwe, anafua ile aproni. Nikamuuliza kama jina langu limo.

"La kwanza," alisema. "Ningeruka jina lako, koti lingekuwa la kuazima."

Nikamwambia nina mtoto mdogo.

"Namjua, nimembeba. Wewe ulipokuwa unakunja, mimi ulinijua?"

Mama mkwe, aliyekuwa anachambua mchele, alikohoa akaingia ndani na ungo wake.

Bi Pasi alifukuzwa. Mimi nilipelekwa chumba cha nguo chafu. Wanasema ni wifi aliyeomba nisifukuzwe. Yeye hajawahi kuniambia. Siku ya kwanza alisimama mlangoni na koti lake la bluu, akasema yenye damu ni maji baridi, na kwamba harufu haiui. Tangu hapo hupita bila salamu.

Nikirudi nyumbani nanawa mara tatu ndipo namshika mwanangu. Shangazi yake akija, humpokea kutoka mikononi mwangu bila kunitazama usoni, akampitishia mgongo wa mkono ndani ya nepi, kuona kama ni mkavu.