Gaspard Alisema Hapana Watu Kule

Hebu mwone Pétronille akifika Bunia. Ni mwaka wa themanini na nne, mchana, jua linapiga mabati ya soko, na kamiyo kutoka upande wa ziwa inapanda taratibu na mzigo wake wa samaki wa chumvi, makayabu. Amesimama juu ya mizigo ya samaki, vumbi jekundu limemfika mpaka kwenye kope, kikwembe amekikaza kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana. Kamiyo haijasimama vizuri, yeye ameshashuka. Watu wa soko wanamsalimia, maana wote wanamjua. Anapita moja kwa moja kwenda nganda, baa ya Mama Martine, kwa sababu saa ile Gaspard huwa pale, mbele ya bia yake.

Kabla hajaingia, ngoja nikuambie ni nani, maana hasira ya mtu usiyemjua huonekana kama wazimu tu.

Pétronille alikuwa muuza samaki. Kwenye karatasi za serikali majina ya ubatizo kama hilo yalikatazwa tangu miaka ya sabini, wakamwandika jina la babu yake, lakini mtaani hakuna aliyemwita vile. Alizaliwa Nyakule, kijiji kidogo kwenye mteremko unaoshuka ziwani, ambako maji ya moto hutoka chini ya mwamba na kujaza dimbwi pana. Mwaka wa sabini na tisa mwalimu mmoja Mbelgiji na mke wake walikwama kwenye matope nyuma ya kamiyo aliyopanda Pétronille, akawapeleka wakalale kwa mama yake. Waliporudi mjini wakawasimulia wenzao. Tangu hapo, mara mojamoja, msafiri aliyechoka na yale makundi ya mbugani, ambako magari yanapanga foleni kumtazama kiboko mmoja, alikuwa anauliza Bunia: yuko wapi yule mama wa samaki?

Alikuwa na namna yake. Wawili au watatu, hawazidi. Mgeni anafikia kwanza kwa mama yake, Mama Alphonsine. Anakaa kwenye mkeka, anakula ugali wa muhogo na samaki, anaulizwa kama wazazi wake wako hai na nani anawaangalia. Kesho yake ndipo anapelekwa majini, wanawake asubuhi, wanaume jioni, kama wenyeji. Tena kuna wakati hapelekwi kabisa. Mwanamke aliyezaa mapacha huoga yale maji na watoto wake, yeye na wakunga tu, mpaka siku watoto wanapotolewa nje kwa ngoma. Kipindi hicho tawi bichi linalazwa kwenye njia, na mtu yeyote wa mteremko ule, hata awe amelewa, akiliona anageuka.

Na Gaspard ni mtu wa mteremko uleule. Ndiyo maana mimi pia, mpaka leo nikisimulia, damu inanichemka. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Pétronille. Alinunua Land Rover kuukuu, akaanza kutembeza wazungu waliokuwa wanavuka Zaïre. Akamwomba shemeji yake ampeleke Nyakule na kundi zima. Pétronille akamjibu kwa upole: ungoje, Marie-Claire, mdogo wangu, amezaa mapacha, njia imefungwa. Gaspard akasema sawa. Pétronille hakuongeza neno, maana kwao habari ya mapacha haifafanuliwi mara mbili. Kosa lake lilikuwa hilo. Alidhani mtu akishazaliwa kule, tawi linamtosha.

Wiki ileile Gaspard akaenda peke yake na kundi. Akawaambia wakunga kwamba Pétronille ndiye amemtuma. Tawi akaliondoa kwa mkono wake. Marie-Claire alikuwa majini, hana nguo, watoto kifuani, na wageni wakasimama ukingoni na mashine zao za foto. Baadhi yao, wanasema, waliona haya wakatazama pembeni. Wengine walipiga foto mpaka wakatosheka. Tangu siku hiyo Marie-Claire haendi tena majini. Watoto wanaogeshwa ndani kwa maji ya sufuria, na ngoma ya kuwatoa haijapigwa.

Pétronille alipokwenda kununua samaki, akapita kwao kama kawaida. Mama yake akamzuia uani. Hakumpa mkeka, yeye mtoto wake wa kwanza.

"Ni weye ulibatuma," alisema.

Pétronille akakana, akaapa. Mama akamsikiliza mpaka mwisho.

"Basi umulete ule Gaspard. Akae hapa chini, aombe mudogo wako musamaha na kinywa yake. Bila yeye, usirudi."

Sasa mwone anaingia nganda.

"Shemeji, kaa," Gaspard akasema. "Martine, uletee shemeji yangu sucré ya baridi."

"Sikukuya kukunywa. Ulibaambia nani alikutuma?"

"Ile ilikuwa maneno ya kuingia tu. Unajua bamama ba kule. Bila jina yako habafungui."

"Na tawi?"

"Ilikuwa ya kukauka."

"Ilikuwa mubichi, Gaspard. Mama yako alikuzaa kule."

Gaspard akazungusha chupa mezani. "Sikia. Bale bazungu bamechoka na pahali benzao bamejaa. Banasema, utupeleke pahali hapana batu. Nami ninabapeleka pahali hapana batu. Iko kazi kama kazi yako."

"Hapana batu?" Pétronille akaegemea ile meza kwa mikono miwili. "Mama yangu iko nini? Marie-Claire iko nini, jiwe?"

"Usinipigie kelele mbele ya batu."

"Ah, hapa unabaona. Basi macho yako imepona."

Nganda nzima ikacheka. Mama Martine akaweka chini chupa alizobeba. Gaspard peke yake hakucheka.

"Nitatuma mbuzi," alisema.

"Habakuomba mbuzi. Banakuomba weye."

"Sina wakati."

Pétronille akatoka. Soda ile ilibaki mezani.

Kesho yake asubuhi Land Rover ikasimama mbele ya nyumba yake, imejaa wageni wapya. Dereva wa kamiyo alikuwa amemwambia Gaspard kwamba vijana wa Nyakule wameziba barabara kwa mawe.

"Panda mbele, shemeji," akasema, na safari hii sauti ilikuwa ndogo. "Bakiona weye, batatoa mawe. Nikifika nitakaa chini mbele ya mama yako. Ninaapa."

"Na bale bazungu?"

"Batangojea ku gari."

"Ubaache hapa Bunia, twende siye babili."

"Siwezi. Bametoka mbali, na pahali bengine bamekwenda habataki. Ni hivi, ao hapana."

Mama mmoja wa kizungu, mwenye kofia ya majani, akatoa kichwa dirishani na kumwuliza kwa Kifaransa cha adabu kama ni kweli huko bado hakujavamiwa na wageni. Pétronille alikisikia Kifaransa kile vizuri.

Mlango wa mbele uko wazi, injini inanguruma. Akipanda, mama yake atamwona akishuka na yule mtu aliyeagizwa amlete, na nyuma yao kundi jingine, mashine za foto mkononi. Akibaki, Gaspard hafiki, na yeye kwao hana mkeka tena. Alichofanya kinajulikana Bunia, na kila mtu ana neno lake juu yake. Lakini kabla sijakuambia la kwetu, nataka la kwako: ungekuwa Pétronille, ungepanda?